Kupangua gia kwenye gari ya otomatiki: D mwanzo mwisho, O/D, 2 au N? Naelekea Iringa

Mwana wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Ijumaa natoka Dar na familia kwenda Iringa kwenye harusi ya binamu. Gari ni Corolla ya zamani, otomatiki ya gia nne. Leva ina P, R, N, D, 2 na L, ubavuni kuna kitufe cha O/D (overdrive, yaani gia ya juu kabisa). Miaka mitatu naenda Tabata–Posta, Posta–Tabata, sijawahi kugusa zaidi ya D na R. Sasa kila mtu ananitisha na mlima wa Kitonga ulioko njiani. Mmoja anasema acha D, gari inajua yenyewe. Mwingine anasema zima O/D. Mjomba, dereva wa lori mstaafu, anasema nishuke na 2. Shemeji yeye anasema weka N, gari iteleze yenyewe, mafuta yatabaki. Nimsikilize nani?

Kibobo
D tu mkuu. Mjapani kaweka kompyuta ili wewe upumzike. Kupangua kwa mkono ni kuua giaboksi.

Mzee wa Kimara
Kwanza usiogope kwenda. Ukitoka huku Kitonga unaipanda. Shughuli iko kwenye kurudi.

Fundi Leva
Shemeji mwambie kwa heshima zote kwamba hapana. Ukiweka N mteremkoni umeitenga injini na magurudumu, umebaki na breki peke yake. Na hayo mafuta anayoyaokoa hayapo: kwenye N injini iko sailensi, inaunguruma tu bila kukanyagwa, na bado inakunywa. Ukiwa ndani ya gia ukaachia pedali ya mafuta, gari ya EFI (mafuta yanaongozwa na kompyuta) inafunga injekta, vile vipulizia mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Hapo hutumii hata tone, na injini inakushikia gari.

Tatizo la kushuka na breki tupu ni joto. Pedi zinaungua, joto linahamia kwenye oili ya breki. DOT 3, aina ya oili ya breki, ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205, lakini oili ile inanyonya unyevu, na ikishazeeka inaweza kuchemka kwenye 140 tu. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga pedali inazama kama umekanyaga godoro. Jiulize mwenyewe, mara ya mwisho ulibadilisha lini oili ya breki? Watu wengi wananunua gari na wanaliuza hawajawahi.

Kitufe cha O/D: ukibonyeza, taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi na gia ya nne inafungiwa. Gari itacheza ya kwanza mpaka ya tatu. Hiyo inatosha kwa kupanda na kwa miteremko ya kawaida. 2 inaizuia isipite ya pili, hiyo ndiyo ya Kitonga. L ni kwa kutambaa.

@Kibobo kaka, mkono wa dereva haugusi gia yoyote mle ndani. Wewe unaomba tu, vali zinafungua oili, klachi zilizolowa kwenye oili hiyo zinabana. Inayoua giaboksi ni joto na oili chafu. Ila usiwe na 100 ukaivuta 2 kwa pupa. Kanyaga breki mpaka 50 au chini, ndipo uvute.

Kibobo
Sawa fundi, ila kwa mtu wa Posta bado nasema D. Na gari za siku hizi zikihisi mteremko zinapunguza gia zenyewe.

Fundi Leva
Za siku hizi, ndiyo, nyingine. Corolla yake si ya siku hizi.

Dada wa Mbezi
Mimi nina Mark X, yenye S na + na − za kupandisha na kushusha gia mwenyewe. Mwaka mzima nilikuwa naona 4 kwenye dashibodi nadhani niko gia ya nne. Kumbe namba ile ni dari: maana yake isipite ya nne, chini ya hapo inachagua yenyewe. Ndiyo maana nilikuwa nabonyeza na hakuna kinachobadilika, nikadhani mbovu.

Mtu wa Boko
Hayo ya + na − yana kesi. Niliazima Mazda ya kaka, nikafika Chalinze nataka kuovateki lori. Mimi nimezoea Subaru, kusukuma mbele ni kuongeza gia. Kwenye Mazda mbele ni kupunguza! Nilikuwa nishapata mwendo, nikasukuma ili iongeze, injini ikapiga kelele kama mashine ya kusaga. Angalieni alama kabla hamjaondoka nyumbani.

Kijana wa Goba
Mlima wetu huku nazima O/D tu, nikifika juu nawasha. Mchangani Kigamboni naweka 2 na mguu mwepesi.

Binti Mikocheni
Naomba kuuliza, yangu ni CVT. Haya yananihusu?

Fundi Leva
CVT haina gia za kupangua, ni mkanda na puli. Zile hatua unazoziona kwenye + na − ni uwiano uliopangwa na kompyuta. Ila S au L kwenye mteremko bado inakushikia gari vizuri.

Dada wa Mbezi
@Binti Mikocheni mdogo wangu, angalia zaidi oili. Kuna gereji ilimwekea rafiki yangu oili ya otomatiki ya kawaida kwenye CVT. Haikumaliza mwezi.

Mwana wa Tabata
Wakuu, tumerudi salama. Kwenda, Kitonga na D gari ilikuwa haitulii: inaingia ya nne, inaishiwa pumzi, inarudi ya tatu, inajaribu tena. Nilipozima O/D ikatulia pale pale. Kurudi nikafuata lori lenye mzigo, nikapunguza mpaka 45, nikavuta 2. Mshale wa mizunguko ya injini ukapanda kidogo juu ya 2,000, sauti ikabadilika. Mama nyuma akauliza, "Mwanangu, gari linalia nini?" Breki nimegusa mara chache tu, nagusa naachia. Kosa langu nilisahau kuwasha tena O/D, taa nimeiona nikiwa Mikumi.

Shemeji alikuwa nyuma yetu na gari yake, kwenye N. Tulimsubiri Ruaha Mbuyuni. Kafika magurudumu ya mbele yanatoa moshi, hasemi kitu, akashuka moja kwa moja kwenda kununua vitunguu.

Fundi Leva
Pole yake. Alimwagia maji?

Mwana wa Tabata
Lita tano.

Fundi Leva
Basi akianza kuhisi usukani unatetemeka akikanyaga breki, aje na diski mpya mkononi.