Tupeane uzoefu: kitabu cha picha chenye maajabu, kinachofundisha wema bila kuhubiri

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari za kazi. Uzi huu ni wa wanaoandika, kuchora au kusomea watoto wa miaka 4 hadi 8 hadithi za mambo ya ajabu: wingu linaloongea, mti unaohama. Tuweke vipimo, hatua na makosa ya kazi yenyewe.

Mhariri wa Kariakoo
Kabla ya neno la kwanza, kunja karatasi. A4 nane zikunjwe katikati, moja ndani ya nyingine: unapata kurasa 32 za A5. Ukurasa wa 1 ni wa jina la kitabu, wa 2 wa haki za mwandishi, hadithi inaanza wa 3. Kisha una jozi 14 za kurasa zinazotazamana, na wa 32 wa kumalizia. Uwanja wako ni huo tu. Maneno 300 hadi 500 yanatosha. Ukifika 900, ujue unasimulia vitu ambavyo mchoraji angevionyesha.

Kurasa za namba witiri huwa kulia. Kwa hiyo mashaka yakae chini kulia, na jibu lije baada ya kufunua. Vyote viwili vikionekana kwa pamoja, mtoto anamaliza picha kabla msomaji hajavuta pumzi.

Na hili wengi hulijua wakishachapa: kitabu cha kubanwa pini kina jozi moja tu iliyo karatasi nzima, ukurasa wa 16 na 17. Picha yako kubwa ya maajabu iweke hapo. Jozi nyingine zote ni nusu za karatasi mbili tofauti, na mara nyingi hazigongani sawasawa. Popote pale, uso wa mhusika ukae mbali na mkunjo angalau sentimita 1, la sivyo pua inamezwa.

Bi. Mtunzi
Mimi nachangia ngeli, maana waliozoea vitabu vya tafsiri hujikwaa hapa. Wingu ni li-: wingu limeshuka, limetanda. Likishakuwa mhusika linaingia a-wa: Wingu akashuka, akaketi juu ya bati. Amua mapema ni lini linavuka. Njia tamu ni kubaki na li- kurasa za mwanzo, kisha uligeuze pale linapotamka neno la kwanza. Mtoto wa miaka 5 hajui sarufi, lakini sikio lake linang'amua kwamba kitu kimekuwa mtu. Kibaya ni "Wingu alilia, kisha likaondoka." Hapo msomaji anakwama, na watoto wanamtazama usoni.

Jingine: "yeye" wetu hasemi kama ni wa kike au wa kiume. Usipomwambia mchoraji, ataamua yeye.

Mwalimu wa awali
Bi. Mtunzi, hilo la ngeli nimelibeba. Naongeza la maajabu yenyewe. Yasipokuwa na mpaka, wema unakosa kazi. Tuchukue hilo wingu lako: limekauka, limeangukia paa. Mtoto analinywesha vikombe 6 vya maji, akiyachota kwenye ndoo ya kuogea. Sheria ya hadithi iwe kwamba wingu hunyesha kile tu lilichopewa. Basi mvua inayokuja ni ya vikombe 6, inatosha tuta moja la mchicha. Ukinyeshea kijiji kizima, mtoto anajifunza kusubiri muujiza. Kwenye tuta moja anaona kikombe chake kimefika wapi.

Wema nao uwe na gharama inayoonekana kwenye picha: maji ya ndoo yapungue ukurasa hadi ukurasa. Usiandike "Alikuwa mtoto mwema." Na ule ukurasa wa mwisho wa "hadithi hii inatufundisha" ufute, ukurasa mzima unaokolewa.

Neno "uchawi" lisiingie. Kwetu ni jambo la kumtuhumu jirani, si fimbo yenye nyota. Sema maajabu. Bundi mwenye miwani na hekima ni wa vitabu vya Ulaya. Huku akilia usiku, watu wanawaza msiba. Ila bundi anayeogopwa bure, hiyo ni hadithi nzuri kabisa ya wema, mradi uijenge juu ya ile hofu.

Mchoraji
Mng'ao wa ajabu unaodanganya kwenye skrini hufubaa kwenye karatasi, hasa buluu na kijani kikali. Geuza rangi kuwa CMYK (mfumo wa wino nne za kuchapia) kabla hujaanza kupaka. Nuru haiji kwa kuongeza njano, inakuja kwa kutia giza pembeni yake. Ngozi nyeusi ziongezee mwanga kidogo kuliko unavyoona skrini, maana karatasi isiyong'aa hunywa wino na macho yanapotea. Bondi (karatasi ya kawaida ya ofisini) ya gramu 80 inaonyesha picha ya upande wa pili. Tafuta ya gramu 115 au zaidi. Picha ivuke kila ukingo kwa milimita 3 za kukatwa, na picha ziwe 300 dpi (nukta kwa inchi) kwa saizi ile ile ya kuchapwa.

Mpangaji kurasa
Herufi pointi 18 hadi 24, na "a" ya mviringo kama ile ya ubaoni. Kagua kila "ng'": programu inaweza kugeuza ile alama ikatazama nyuma, na mstari unaweza kukatika katikati ya ng'ombe.

Mwalimu wa awali
Kujaribu: soma kitabu cha mfano kwa watoto 8 au 10, sio kwa mwanao tu. Usiulize "umejifunza nini?", watakujibu wanachojua unakitaka. Simama ukurasa wa 15, uliza "sasa afanye nini?" Wakisema wingu litamsaidia tu, vikombe vyako havijaonekana. Rudi kwenye ile ndoo.

Bi. Mtunzi
Na kibwagizo kiwe kifupi, silabi 8 hivi, kirudi mara 3 au 4. Mara ya pili wakishindwa kukiitikia, kimezidi urefu.