Kodi ya hitilafu ya gari, P0012, inarudi kila baada ya wiki mbili, na fundi anataka ninunue injini nzima

Mwalimu wa Rongai:
Hamjambo wadau. Nina Toyota Fielder ya 2011, injini 1NZ-FE, niliyoinunua mwaka jana kwa mtu hapa hapa Nairobi ikiwa na kilomita 148,000. Taa ya injini inawaka, fundi anachomeka mashine, anasoma P0012, anaifuta, ananiambia niende salama. Wiki mbili hazipiti, taa imerudi. Hii ni mara ya tano.

Kilichobadilishwa mpaka sasa ni valvu ya oili ya VVT-i, ule mfumo unaobadilisha wakati wa valvu za injini kufunguka (niliinunua ya mtumba, shilingi 4,500), sensa ya kemshafti, yaani mhimili unaofungua valvu hizo, na plagi zote nne. Gari halizimi na asubuhi linawaka vizuri. Lakini Jumapili nilikuwa napanda kutoka Mai Mahiu kuja Kimende, nimembeba mama na watoto, nikakanyaga mafuta mpaka chini na gari likabaki kunguruma tu bila kusogea. Lori nyuma yangu linapiga honi. Niliogopa kweli. Petroli nayo inaisha upesi kuliko zamani.

Jana fundi mwingine amesema VVT imekufa, ninunue injini ya kutoka Japani, elfu themanini na tano bila kazi ya kuifunga. Hiyo ni karo ya watoto. Naombeni ushauri kabla sijafanya kosa.

Dereva wa Usiku:
Pole sana mwalimu. Usinunue injini. Mimi ni wa teksi na injini yangu ni kama hiyo yako. Tuambie kwanza unaweka oili gani na uliimwaga lini mara ya mwisho.

Mwalimu wa Rongai:
20W-50. Niliambiwa gari lililotembea sana linataka oili nzito. Niliibadilisha Januari, nimetembea kama kilomita 9,000 tangu hapo. Filta sikumbuki kama ilibadilishwa.

Fundi wa Ngara:
Mwalimu, jibu lako lina mambo mengi. Nitaandika kirefu kidogo, univumilie.

VVT-i haina mota yake. Kinachoisukuma ni oili. Pampu inapandisha oili hadi kwenye kichwa cha injini, oili inapita kwenye chujio dogo, inaingia kwenye ile valvu uliyobadilishiwa, kisha valvu inaipeleka kwenye gia iliyo mwisho wa kemshafti ya upande wa kuvuta hewa. Gia ikijaa oili, kemshafti inasogea nyuzi kadhaa mbele ya pale mnyororo unaoizungusha ungeiweka. Kompyuta inaagiza, halafu inaitazama sensa kuona kama agizo limetekelezwa.

Sasa P0012 inasema kemshafti imechelewa, haikufika ilipoagizwa. P0011 ingesema imekwenda mbele na haitaki kurudi, na hapo ungeona gari linatetemeka au kuzima ukisimama kwenye taa za barabarani. Lako halizimi, linakosa nguvu mlimani. Kwa hiyo kodi na dalili zinasema jambo moja: oili ya kutosha haifiki kwenye gia, au inafika polepole. Waya wa valvu ukikatika kwa kawaida ungepata P0010, na sensa ikifa ungepata P0340. Sensa yako ilibadilishwa bure, nasikitika kusema hivyo.

Kufuta kodi ni kufuta kumbukumbu ya kompyuta, kilichosababisha kodi kinabaki pale pale. Ndiyo maana inarudi.

Anza na kijiti cha oili, gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa. Oili ikiwa chini ya alama, hata valvu mpya haitasaidia. Kisha mwambie fundi atoe lile chujio dogo. Watu wengi hawalijui. Liko kwenye kichwa cha injini, limefichwa nyuma ya bolti kubwa karibu na valvu ya oili, na si ile filta inayobadilishwa kila sevisi. Baada ya hapo aipime valvu yenyewe. Kwa mita, injini ikiwa baridi, isome kati ya omu 6.9 na 7.9. Halafu injini ikiwa inazunguka polepole, aichomoe plagi ya waya wa valvu na kuipa valvu umeme wa betri kwa sekunde moja au mbili. Injini ikitetemeka au kutaka kuzima, valvu na gia vinafanya kazi. Isipobadilika kabisa, valvu imekwama au oili haipiti.

Mnyororo na gia ni vya mwisho kuguswa, kwa sababu kuvifikia ni kufungua mbele yote ya injini. Nani aliyekuambia VVT imekufa, na alipima nini?

Mwalimu wa Rongai:
Hakupima kitu. Alisikiliza tu.

Spea za Kirinyaga Road:
Naongeza kuhusu valvu ya mtumba. Mimi nauza vitu hivi. Ukinunua, itazame kwenye mwanga, zile nafasi za pembeni lazima uone chuma safi, na kipini cha ndani kirudi chenyewe kikisukumwa. Ikiwa na utando mweusi, umenunua uchafu wa gari la mtu mwingine. Njoo na mita yako, muuzaji mwaminifu hatakukataza kupima.

Probox Nyeusi:
Mwaga dawa ya kusafisha injini, washa dakika kumi, umwage oili. Mimi ilinisaidia.

Fundi wa Ngara:
Ndugu Probox, kwa injini iliyotunzwa sina neno. Kwa iliyokaa kilomita 9,000 na oili nzito na filta isiyojulikana, naogopa. Tope likibanduka lote kwa pamoja linaweza kuziba chujio la pampu chini kwenye sampu, lile bakuli la oili, na hapo injini yote inakosa oili. Bora oili mpya ya 5W-30, filta mpya, umwage tena mapema. Itaosha taratibu.

Mwalimu wa Rongai:
Narudi na habari. Jumamosi nilikaa gereji tangu saa tatu asubuhi, fundi mpya, nikamsomea maneno yenu kwenye simu. Oili ilikuwa chini ya alama ya chini. Sikuwa nimewahi kuitazama mwenyewe, nimejifunza.

Alipofungua ile bolti, chujio lilitoka likiwa dogo kama kifuniko cha kalamu. Wavu haukuonekana. Ulikuwa umejaa tope jeusi, na ndani ya tope vipande vya silikoni ya rangi ya chungwa, laini, vinavutika kwa kucha. Fundi alinionyesha ukingo wa kifuniko cha mnyororo, silikoni ile ile imefurika nje. Kuna mtu aliwahi kukifungua kabla yangu. Valvu ilisoma 7.3, na ilipopewa umeme kabla ya kusafisha, injini haikushtuka hata kidogo. Baada ya kusafisha, ilitetemeka karibu kuzima. Nilipiga makofi.

Fundi wa Ngara:
Safi sana! Na filta ikiziba, ina njia ya pembeni inayofunguka ili injini isikose oili, basi oili inapita bila kuchujwa. Vipande vile huenda vilipita hapo. Niambie jambo moja: asubuhi ukiwasha, unasikia mlio wa chuma mbele ya injini?

Mwalimu wa Rongai:
Sekunde moja hivi, kisha unanyamaza.

Fundi wa Ngara:
Uusikilize. Ukizidi kurefuka, au ukipata P0016, yaani kemshafti na krenki hazilingani, hapo ndipo tutaongea kuhusu mnyororo na gia. Kwa sasa oili tu.

Mwalimu wa Rongai:
Leo ni wiki ya sita. Niliweka 5W-30, lita tatu na nusu na kidogo, nikaimwaga baada ya kilomita 1,000 ikiwa nyeusi tii, nikaweka nyingine. Chujio tulilitoa tena, punje mbili tu za silikoni. Juzi nilipanda Kimende na watoto wale wale, gari likavuta mpaka juu. Taa haijawaka. Mlio wa asubuhi bado ni ule ule, sekunde moja. Oili inayofuata ni kwenye 5,000, na kijiti nakitazama kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani.