Yadi za chuoni zina uzito gani kwa mkimbiaji anayeelekea NFL?

Mleta mada:

Ndugu wadau, Las Vegas Raiders, timu ya NFL (ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani), walimchukua mkimbiaji Ashton Jeanty, yaani mchezaji wa kubeba mpira, katika nafasi ya 6 ya drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya mwaka 2025, na wengi waliowaunga mkono walishika hoja moja: kijana huyo alikimbia yadi 2,601 akiwa na chuo cha Boise State msimu wa 2024, akabakiza yadi 27 tu kuifikia rekodi ya msimu mmoja chuoni ya mkimbiaji Barry Sanders ya mwaka 1988. Naona uteuzi ulikuwa sahihi, lakini hoja yenyewe ni dhaifu. Isitoshe, Sanders aliiweka rekodi hiyo kwa mechi 11, ilhali Jeanty alicheza 14.

Jumla ya yadi ni kazi ya watu wengi. Safu ya mbele ikifungua njia pana, na wapinzani wakiwa wa ligi ya Mountain West, ambayo wengi wa wachezaji wake hawatafika NFL, hata mkimbiaji wa kawaida anaweza kuonekana hodari. Kinachonishawishi kwa Jeanty ni kwamba sehemu kubwa ya yadi zake aliipata baada ya mlinzi wa kwanza kumgusa. Ana urefu wa takriban sentimita 174 na uzito wa kilo 96 hivi, mapaja yake ni mazito, hivyo anayemrukia kifuani huteleza na anayemshika mguu mmoja huburuzwa. Septemba 2024, ugenini dhidi ya chuo cha Oregon, timu iliyomaliza msimu wa kawaida bila kushindwa, alipata yadi 192 na kufunga mara 3.

Lipo pia suala la kazi asipokuwa na mpira, ambalo mashabiki hulipita haraka. Katika jaribio la tatu kati ya manne ambayo timu hupewa ili isogee yadi 10, yadi 8 zikihitajika, kila mtu uwanjani anajua kwamba pasi inakuja. Mkimbiaji husimama kando ya kwotabeki (mrushaji wa pasi), na kabla mpira haujaanzishwa anapaswa kutambua ni mlinzi yupi atakayepenya, kisha apige hatua kumfuata na kumpokea kwa mikono na kifua, asimngoje afike. Chuoni nyota huweza kuukwepa wajibu huo. Kwenye NFL kocha atamtoa nje.

Mchangiaji:

Ndugu mleta mada, kuhusu jumla ya yadi tuko pamoja, ila kipimo chako cha nguvu baada ya kuguswa kina mfano unaokipinga. Mkimbiaji Trent Richardson wa chuo cha Alabama aliwasumbua sana walinzi mwaka 2011, timu ya Cleveland ikamchukua wa 3 kwenye drafti ya mwaka 2012, na Septemba 2013 ikamwachia timu ya Indianapolis. Baada ya msimu wa 2014 hakucheza tena mechi ya NFL. Derrick Henry, wa chuo hicho hicho, alisubiri hadi nafasi ya 45 mwaka 2016, baada ya kubeba mpira mara 395 katika msimu mmoja, na mwaka 2020 akakimbia yadi 2,027. Nguvu walikuwa nayo wote wawili. Tena chuo cha Penn State kilimbana Jeanty wako kwenye Fiesta Bowl, mechi ya mtoano ya vyuo mwishoni mwa msimu huo wa 2024: yadi 104 kwa kubeba mpira mara 30. Mimi naiamini mechi hiyo kuliko nyingine zote.

Mleta mada:

Mfano wa Richardson una uzito. Tofauti yake na Henry naiona katika macho: mara nyingi Richardson aliingia kwenye msongamano wakati njia ilikuwa imefunguka upande mwingine, na kwenye NFL njia hujifunga kabla hujageuka. Mkimbiaji Emmitt Smith, aliyechaguliwa wa 17 kwenye drafti ya mwaka 1990 huku ikisemwa kwamba hana kasi, alistaafu na yadi 18,355 kwa sababu alijua kusubiri na kuchagua. Kipimo hicho ni kigumu kwa sababu hakina saa wala mizani; kinahitaji mtu aketi na kutazama kila mbio, pamoja na zile za yadi 2.

Kwenye mechi ya Penn State, kilichonitia wasiwasi zaidi ni Jeanty kudondosha mpira, kwa kuwa hapo hawezi kuilaumu safu ya mbele. Hata hivyo, swali gumu zaidi linawahusu Raiders wenyewe, ambao mwaka 2024 walikuwa wa mwisho katika ligi nzima kwa yadi za kukimbia. Je, nafasi ya 6 ilipaswa kwenda kwa mkimbiaji, au kwa mtu wa kumfungulia njia?