Wakuu msaada: niweke maji gani kwenye kompyuta ya kupozwa kwa maji, na nizuieje kuvuja?

FeniMbili: Habari zenu wakuu. Naunga mfumo wa maji mwenyewe, kipande kwa kipande, sio ule unaokuja umefungwa kiwandani. Bloku ya prosesa (kile kipande kinachokaa juu ya prosesa, maji yanapita ndani yake) ni shaba iliyopakwa nikeli, rejeta ya alumini (inayopoza maji) nimeitoa kwenye mashine ya zamani, paipu ngumu za plastiki ya PETG. Kuna wanaosema nitafute maji yasiyopitisha umeme ili hata yakimwagikia mazabodi kisiungue kitu, wengine wanasema maji ya betri yanatosha. Hofu yangu kubwa ni kuvuja maana kadi ya grafiki imekaa chini ya fitingi zote (viungio vya paipu). Naombeni ushauri kabla sijajaza.

Rejeta_Safi: Mkuu simama hapo kwenye rejeta kwanza. Alumini na shaba zikikaa kwenye maji yale yale zinafanya kazi kama betri, alumini inaliwa taratibu, uchafu wake unaziba bloku, mwisho rejeta yenyewe inatoboka. Dawa ya kutu inachelewesha tu. Tafuta rejeta ya shaba hata kama ni ndogo kuliko hiyo, shaba na nikeli hazina ugomvi.

Mzunguko: Naunga mkono. Na hayo yasiyopitisha umeme usiyafanye ngao. Yakishazunguka muda yanaokota chembe za metali, halafu yakidondoka yanakutana na vumbi la kwenye bodi, hapo umeme unapita vizuri tu. Chukua yaliyochanganywa tayari, yenye glaikoli na dawa ya kutu, yawe angavu au yasiyo na rangi. Zile rangi nzito kama maziwa achana nazo, chembe zake zinatuama kwenye mifereji ya bloku ambayo ni myembamba mno. Kama ni ethilini glaikoli ni sumu na ina utamu, watoto na wanyama wasiifikie.

BodiKavu: Mimi bado niko na maji ya betri, namaanisha yale ya kuongezea, sio asidi! Yanabeba joto kuliko glaikoli na ni mepesi kwa pampu, ila usiyaweke matupu, tia dawa ya kutu na ya kuzuia ule utando wa kijani. Ya bomba hapana hata ukichemsha, vijidudu vinakufa ila madini yanabaki palepale.

Rejeta_Safi: Sawa, ila maji yoyote utakayochagua hayazuii fitingi kuvuja, na hapo ndipo watu wanapopatia hasara. Kata paipu iwe sawa kabisa, kisha lainisha ukingo ndani na nje, maana ukingo mkali unachana oringi (ile pete ya mpira ndani ya fitingi) wakati unasukuma na wala hutaona. Lowanisha oringi kwanza. Kaza kwa mkono tu, ukikaza kwa spana unaiponda oringi au unapasua plastiki ya bloku. Paipu isilazimishwe kufika kwenye fitingi, ikikaa kwa kuvutwa itachomoka siku mashine imepata moto, na PETG inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi.

Kupima: kabla ya maji tumia pampu ya mkono yenye geji, jaza hewa mpaka kama baa 0.5, usizidishe kiwango cha mtengenezaji, sindano ikitulia nusu saa uko vizuri. Halafu jaza maji, washa pampu peke yake, mazabodi na kadi zisipate umeme kabisa, zungushia tishu kila fitingi uache usiku kucha. Tanki lisikauke, pampu ikizunguka bila maji inakufa.

FeniMbili: Asanteni sana, rejeta ya alumini naiweka pembeni. Ikitokea imevuja mashine ikiwa inawaka nifanye nini, na maji nibadilishe baada ya muda gani?

BodiKavu: Zima ukutani papo hapo, usisubiri windows ijifunge. Toa betri ndogo ya mazabodi, safisha palipolowa kwa spiriti ya isopropili, na usiwashe mpaka pakauke kabisa hata chini ya kadi na ndani ya soketi. Hiyo spiriti isiguse akriliki, inaipasua nyufa. Maji badilisha kila mwaka au kama chupa inavyosema, yakibadilika rangi mapema fungua bloku uangalie. Na weka koki ya kumwagia sehemu ya chini kabisa sasa hivi kabla hujajaza.