Tupeane uzoefu: Kiingereza cha kusimulia mambo ya jana ulikinasaje?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Hapa kijiweni Kirumba, Mwanza, kuna dogo anajiandaa na usaili wa hoteli. Maneno ya Kiingereza anayo ya kutosha, ila mwambie asimulie jana alifanya nini, gari linazima. Kitenzi kinabaki cha leo, mama anageuka "he", na hizi "in", "on", "at" anabahatisha tu. Wazee wa kijiwe wanasema akariri lile jedwali la vitenzi. Mimi siafiki. Jedwali analo kichwani, muulize "go" atakujibu "went" hata usingizini. Inamtoroka akiwa katikati ya sentensi.

Msinitumie viungo vya masomo ya mtandaoni, vipo tele. Nataka mtu aseme: mimi iliniingia hivi. Tiririkeni.

Mama Dagaa, Mwaloni
Umenigusa. Mimi shule ni darasa la saba, Kiingereza nimekiokota sokoni. Nina wateja wa Uganda, na wengi wao ujumbe wanaandika kwa Kiingereza. Kuna mmoja aliniandikia "I send the money". Nikajua tayari, nikaita vijana wapakie. Magunia yako juu ya fuso, muamala hauingii. Kumpigia, ananiambia alimaanisha atatuma kesho! Mzigo ukashushwa mbele za watu.

Tangu hapo jicho linakwenda kwenye herufi ya mwisho. "Send" ina d, hela bado iko kwake. "Sent" ina t, hela imeshatoka. Vingine nikavinasa kwa kufuata kazi ilivyo: wavuvi "caught", mimi "bought", mzani "weighed", halafu "sold", halafu "paid". "Put" nayo jana put, leo put, Mungu aibariki.

Ticha wa Nyakato
Shikamoo Mama Dagaa. Nafundisha kidato cha kwanza. Watoto wametoka shule ya msingi wakisoma kwa Kiswahili, ghafla karibu kila somo ni Kiingereza, kwa hiyo haya nayaona kila siku. Linaloongoza ni "I didn't went". Ukimwambia mtoto kwamba baada ya "did" kitenzi kinarudi kilivyokuwa, anaitikia, kesho yake anarudia vilevile.

Mimi huwarudisha kwenye Kiswahili chao. Naandika ubaoni: nilinunua. Nawaambia wakanushe, darasa zima linajibu: sikununua. Nauliza, ile "li" imekwenda wapi? Kimya. Hakuna Mswahili anayesema "silinunua". Ukikanusha, wakati uliopita unabebwa na "ku", na "li" inaondoka yenyewe. Basi Kiingereza nacho kinabeba jana mara moja tu: "I bought", lakini "I did not buy". Wakishaona kwamba hata lugha yao hairudii mzigo, lile kosa linapungua sana.

Kwenye swali hapo Kiswahili hakitusaidii. Sisi "ulinunua?" ni kubadili sauti tu, ndiyo maana wengi wanauliza "You bought?" Hilo ni la kuzoeza ulimi: "Did you buy?", "Did she come?", mpaka litoke lenyewe.

Halafu ile "ed". "Washed" inaishia na sauti ya t, "cleaned" inaishia na d. Silabi inaongezeka pale tu kitenzi chenyewe kinapoishia na sauti ya t au d, kama "wanted" na "needed". Wangu wanasema "woshedi". Nakazana nao.

Kapuku Mstaarabu
Ticha, na "read" je? Maandishi yaleyale, leo "riidi", jana "redi". Aliyetunga hii lugha alikuwa na hasira na watu.

Dada wa Mapokezi
Niongee kuhusu "he" na "she". Nyumbani tulikua na Kisukuma, mtaani Kiswahili, na zote mbili alikuja ni alikuja, awe shangazi awe mjomba. Mwenzangu kazini alimwambia mgeni, "Your wife called. He is waiting at the ferry." Yule baba aliuliza "Who?" mpaka tukaona aibu sisi wengine.

Mwanzoni nilizikwepa kabisa, nikawa nasema "your wife", "your driver" kila mara. Inachosha ila haikuumbui. Kilichonisaidia kweli ni picha za harusi ya dada yangu kwenye simu. Nafungua picha, nasimulia kwa sauti nikiwa peke yangu: "She wore green. He danced with her. His shoes were too big." Mtu ninamwona, kwa hiyo ulimi haupati pa kujificha.

Na angalieni mtego wa "mke wake". Watu wanasema "her wife" kwa sababu mke ni mwanamke. Kwetu "wake" au "lake" inafuata kitu kinachomilikiwa: mke wake, gauni lake. Kwao inafuata mwenye mali. Mke wa Juma ni "his wife", basi.

Nahodha wa Boti
Napeleka wageni kisiwa cha Saa Nane. Sisi "ni" moja inamaliza kila kitu: naenda sokoni, niko sokoni, natoka sokoni. Mzungu hapo ana "to", "at" na "from". Mimi nilijifunzia palepale majini. Samaki yuko "in the lake", boti iko "on the lake". Kivuko cha Kamanga unasimama na kutembea, ni "on the ferry". Mtumbwi unaingia na kukaa, ni "in the canoe". Basi na teksi ni vivyo hivyo, "on the bus", "in the taxi".

Kingine, Kiswahili vihusishi vingine tunavificha ndani ya kitenzi. Alinikimbia, "he ran away from me". Alinikimbilia, "he ran to me". Ukitafsiri bila kuangalia hiyo "li" ya mwishoni, umemgeuza rafiki kuwa mwizi.

Mzee wa Pasiansi
Mnazunguka sana. Jedwali tulichapwa nalo na tukajua. Kwani "go" kuwa "went" utaieleza kwa picha za harusi?

Ticha wa Nyakato
Shikamoo mzee. Hiyo ina historia. "Went" ilikuwa ya kitenzi kingine cha zamani, "wend", ikahamia kwa "go". Kwa hiyo hapo nakubali, ni kukariri tu.

Mleta mada
Dogo amesoma uzi wote, ameandika haya, mmsahihishie: "Last year I worked in a guest house in Igoma. My boss she was from Ukerewe. She told to me to carry the bags. I didn't broke anything."

Ticha wa Nyakato
"Worked" safi. "My boss" au "she", achague mmoja. "A" ya "alitoka" ndiyo inamvuta. "She told me", bila "to" ya kwanza, ila "said to me" inaichukua. Na "I didn't break".

Dada wa Mapokezi
Watamuuliza kwa nini aliacha kazi Igoma. Aandae jibu la sentensi tatu za jana, ajirekodi, anitumie nimsikilize kabla hajaenda.