Wana wa Ipinda: AC ya Mama kabla ya joto

IJUMAA

Dada Atupele, 05:48
Bwana asifiwe wana wa Ipinda. Shikamooni wakubwa. Naomba kila mtu asome mpaka mwisho kabla ya kuweka dole gumba.

Dada Atupele, 05:52
Septemba hiyo inaingia. Huku Uyole, Mbeya, bado tunavaa sweta, lakini Ipinda ni Kyela, siyo Uyole. Kule ni kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, sisi huku tumevuka 1,700. Joto la Oktoba mpaka mvua zishike mnalijua wenyewe. Mwaka jana presha ya mama ilipanda mara mbili kabla ya Krismasi. Sitaki tena simu ya saa nane usiku.

Dada Atupele, 05:55
AC ya chumba cha baba lazima ioshwe kabla haijaanza kutumika. Nimepata fundi wa Mwanjelwa. Jumamosi ya wiki ijayo anashuka Kasumulu kwa kazi zake, atazunguka Ipinda. Sevisi 50,000, nauli tunamchangia 15,000. Stabilaiza ya umeme iliungua, mpya tutaijadili. Kila nyumba 20,000, namba ni ile ile ya msiba. Mwisho Jumatano.

Lugano, 06:31
Dada shikamoo. Huku Makete leo umande umeganda, majani meupe kama yamemwagiwa chumvi. Hiyo AC ileteni huku igeuzwe itoe joto 😂

Wifi Rehema, 06:33
😂😂😂 Lugano amelala na makoti mawili na soksi za mtoto

Lugano, 06:34
Za mtoto haziingii miguuni, nilivaa mikononi

Wifi Rehema, 06:34
[Stika]

Dada Atupele, 06:40
Marahaba. Lugano, 20,000.

Lugano, 06:41
Mwisho wa mwezi dada 🙏

Dada Atupele, 09:15
Naona tiki za bluu kumi na moja. Kumi na moja! Na aliyejibu ni mwenye baridi peke yake.

Tumaini Dar, 12:44
Shikamoo dada. Nipo kazini, naandika haraka. Huyo fundi asije akakung'uta filta akasema amemaliza. Aoshe na mashine ya nje, yale mapezi ya aluminiamu, kwa maji ya kawaida, siyo kwa presha ya kuoshea magari. Yakipinda hewa haipiti. Pale nyumbani mashine ya kukoboa mpunga iko nyuma ya ukuta, vumbi la pumba lote linaishia kwenye AC. Mashine ya nje ikishindwa kutupa joto, ndani hakupoi hata ukiweka nyuzi 16.

Tumaini Dar, 12:47
Na ule mpira wa kutolea maji auzibue. Ukiziba maji yanarudi ndani na kushuka ukutani. Ile alama ya kahawia juu ya kitanda cha baba ilitokana na huo mpira, siyo paa.

Dada Atupele, 12:50
Asante Tumaini. Mmeona mtu anavyochangia mawazo? Wengine?

Shangazi Tupo, 16:02
Hamjambo wanangu. Mchele huko Mbeya kilo bei gani sasa hivi?

Wifi Rehema, 16:05
Shikamoo shangazi. Inategemea sokoni au dukani, nitakuulizia soko la Soweto kesho

Dada Atupele, 16:06
Shangazi shikamoo. Tuko kwenye AC.

Shangazi Tupo, 16:20
Marahaba. Haya mwanangu.

Gwakisa Iringa, 21:17
Tumaini, rudia hapo mwisho. Siyo paa?

Tumaini Dar, 21:20
Siyo paa kaka. Nilipanda darini mwenyewe tulipokuja kwa arobaini. Bati ni kavu, mbao kavu. Maji yalikuwa yanatoka kwenye AC.

Gwakisa Iringa, 21:22
Unajua tangu arobaini na ukanyamaza.

Tumaini Dar, 21:23
Haukuwa wakati wake kaka

Dada Atupele, 21:25
Naomba tusirudi kwenye bati. Tuna siku nane.

Gwakisa Iringa, 21:31
Kesi ya bati uliipeleka wewe mbele ya wazee dada, siyo mimi. Halafu ukamgeukia fundi wangu. Humu humu mlimwita tapeli, mkewe akasoma maana mlimsahau kwenye kikundi.

Dada Atupele, 21:36
Fundi wako alijaza gesi mwaka juzi 80,000, akajaza tena mwaka jana 80,000. Na bado mama kila nikimpigia anasema haipozi. Ningesema nini?

Tumaini Dar, 21:41
Gesi ya AC siyo mafuta ya taa, haiishi kwa kutumika. Inazunguka humo humo miaka yote. Ikipungua ujue inavuja, mara nyingi kwenye maungio. Fundi anapaka povu la sabuni anaangalia linapotoa mapovu, anaziba, ndipo anajaza kwa kupima kwenye mizani. Kujaza kila mwaka bila kutafuta tundu ni kumwaga hela.

Gwakisa Iringa, 21:42
Kwa hiyo na wewe.

Tumaini Dar, 21:42
Sijasema hivyo kaka

Wifi Rehema, 21:50
[Video imesambazwa mara nyingi]
Kwaya ya watoto, sikilizeni huyo wa mbele anavyoimba sauti ya nne 😂😂

Lugano, 21:52
😂😂😂 huyo ni Baba Mdogo kabisa

Baba Mkubwa Tukuyu, 22:10
Nawasoma.

JUMAMOSI

Dada Atupele, 06:02
Shikamoo Baba Mkubwa. Waliotoa mpaka sasa:
1. Atupele 20,000
2. Tumaini 40,000 (pamoja na ya Shangazi Tupo)
3.
4.

Lugano, 07:15
Mimi niandikwe namba 3 kwa penseli

Dada Atupele, 07:16
Lugano nakupenda lakini leo hapana.

Dada Atupele, 07:30
Neema mwanangu, upo? Wakati tunasubiri fundi, kuna kazi ya kwako. Zima breka ya AC kwanza, usiguse chochote kabla. Fungua ule mfuniko wa mbele, vuta filta mbili, osha kwa maji na sabuni kidogo, anika kivulini, usianike juani zitajikunja. Badilisha betri za rimoti. Zikikauka rudisha, washa, weka 25. Ikichelewa kama dakika 3 kuanza kupoza usiizime na kuiwasha, kompresa, ile inayosukuma gesi, ndivyo ilivyo, inasubiri. Uniambie kama inatoa ubaridi.

Dada Atupele, 11:48
Neema?

Dada Atupele, 15:20
Gwakisa, mtoto wako hapatikani.

Wifi Rehema, 15:41
Dada, mimi nauliza tu, umeme je? Mama aliwahi kuniambia hiyo mashine inakula LUKU kama mbuzi kwenye mahindi

Tumaini Dar, 18:09
Ni BTU 12,000, ndiyo nguvu yake ya kupoza. Kompresa ikifanya kazi mfululizo ni kama uniti 1 kwa saa. Lakini usiku, milango imefungwa, mashine safi, umeweka 25, inafika baridi yake inapumzika. Chafu ndiyo inayokula, maana haifiki inapotaka kufika, inakimbia usiku kucha.

Dada Atupele, 18:12
Umeme nalipa mimi. Nimeshasema tangu zamani umeme nalipa mimi. Mama asihesabu uniti akiwa hawezi kupumua.

JUMAPILI

Dada Atupele, 13:05
Ibada njema kwa wote. Bado nyumba sita. Fundi anataka jibu leo jioni ili apange safari. Kama hamtaki semeni hamtaki, nitalipa mwenyewe kama nilivyolipa mengine, lakini msije Desemba mkaniuliza kwa nini mama amelazwa.

Lugano, 13:11
Dada usiseme hivyo

Gwakisa Iringa, 13:14
"Kama nilivyolipa mengine."

Dada Atupele, 13:15
Ndiyo Gwakisa. Kama nilivyolipa mengine.

Baba Mkubwa Tukuyu, 16:20
Atupele. Mashine ile ilifungwa ili mdogo wangu apumue usiku. Alikata roho ikiwa inawaka. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, nikaomba izimwe ili tumsikie. Umemuuliza mama yako analala wapi?

Neema, 19:57
Shikamooni wote. Samahani shangazi, simu ilikuwa haina chaji.

Neema, 19:58
Sijaosha filta kwa sababu kile chumba kimefungwa. Ufunguo anakaa nao bibi.

Neema, 20:01
Bibi analala sebuleni, kwenye mkeka, tangu msiba. Joto likizidi tunahamia barazani na chandarua. AC haijawashwa hata siku moja. Huwa anawaambia haipozi ili msimwambie alale kule. Alinikataza nisiseme.

Shangazi Tupo, 20:15
Jamani dada yangu.

Wifi Rehema, 20:16
😢

Lugano, 20:22
Mwaka jana nililala pale siku tatu. Alinitandikia chumba cha wageni. Sikuuliza.

Gwakisa Iringa, 20:40
Kwa hiyo fundi wangu mlimtukana kwa mashine ambayo haikuwashwa.

Tumaini Dar, 20:44
Kaka, na mimi najiuliza. Kama ilikuwa nzima, ile 80,000 ya gesi ya mwaka jana iliingia wapi?

Gwakisa Iringa, 20:45
Usinianze.

Dada Atupele, 20:51
Ujumbe huu umefutwa

Dada Atupele, 20:58
Ujumbe huu umefutwa

Dada Atupele, 21:06
Baba Mkubwa nimekusikia. Nilikuwa nampigia kila jioni namuuliza amekula nini, ametumia dawa, AC inapoza. Sikuwahi kumuuliza analala wapi.

Baba Mkubwa Tukuyu, 21:09
Haya.

Tumaini Dar, 21:30
Dada, inaweza kuhamishwa. Ikapelekwa chumba cha wageni, ukuta wake unatazama mashariki, haupigwi na jua la jioni. Fundi anaivuta gesi yote irudi mashine ya nje, anaifunga humo, mirija ya shaba inang'olewa na kuungwa upya, halafu anainyonya hewa na unyevu kwa pampu kabla ya kuachia gesi. Asiye na pampu ya kunyonyea asikubaliwe. Lakini hiyo siyo kazi ya saa moja, na siyo 50,000.

Wifi Rehema, 21:34
Au tumnunulie feni kubwa ya kusimama kwanza, wakati tunazungumza naye?

Dada Atupele, 21:35
Feni mchana wa Novemba Ipinda inasukuma joto tu Rehema. Lakini nunua. Nunua.

Lugano, 21:37
Hela ya feni natoa mimi. Siyo penseli.

Gwakisa Iringa, 21:52
Chumba kile cha mzee mkikigusa mtanisubiri na mimi. Koti lake bado lipo mlangoni.

JUMATATU

Neema, 06:10
Shikamooni. Nimemsomea bibi yote. Sikuruka kitu, alinishika mkono nisiruke.

Neema, 06:12
Bibi anasema: fundi aje, asirudishwe, mtu aliyealikwa harudishwi. Aoshe ile ya nje. Ya ndani mlango ataufungua yeye mwenyewe siku akiwa tayari, na mkiwa mmefika wote.

Neema, 06:12
Na anauliza nani anakuja Jumamosi, apike ndizi mbalaga au wali.

Baba Mkubwa Tukuyu, 06:30
Ndaga, asanteni.

Gwakisa Iringa, 06:47
Naangalia ratiba ya shule. Naweza kufika usiku.

Tumaini Dar, 07:20
Mimi wiki hii haiwezekani, labda mwisho wa mwezi 😔

Lugano, 07:22
Mimi na Rehema tunakuja. Mbalaga

Dada Atupele, 07:40
Nakuja. Naondoka Uyole na gari la kwanza. Neema, mwambie bibi mbalaga, ndizi atamenya Gwakisa kama zamani.

Gwakisa Iringa, 07:58
👍🏾

Dada Atupele, 08:15
Fundi anapiga simu hapa. Anauliza abebe pampu ya kunyonyea au asibebe.

Dada Atupele, 08:40
Tumaini? Gwakisa? Abebe?

Shangazi Tupo, 11:26
Wanangu, kwa hiyo huyo fundi anaosha nje tu au anaingia ndani? Na ile 20,000 yangu ilishafika?