Naomba ushauri: mrija wa kioo unapasuka baada ya kuukunja

Wakuu habari zenu. Huu ni mwezi wa pili najifunza kupuliza kioo. Nyumbani natengeneza mvinyo wa rozela kwenye chupa za lita 5, nikataka nijitengenezee kile kibomba cha umbo la S kinachotiwa maji kidogo, gesi itoke lakini hewa isiingie. Vya plastiki vipo, najua, ila havinivutii.

Kukunja kumeanza kukubali. Nazungusha mrija wa milimita 8 kwenye moto wa gesi mpaka ulegee, nautoa, nakunja, napuliza kidogo kona isibonyee. Unatoka safi kabisa. Asubuhi sasa: "ti!" Kona ina ufa. Wa juzi ulipasuka mezani bila kuguswa, mke wangu akasema hiyo kazi ina jini.

Tanuri sina, naufukia kwenye majivu ya moto upoe polepole. Ni kioo cha kawaida. Borosilikati, kile kioo kinachohimili joto, inataka moto wenye oksijeni, na bei ya mtungi imenishinda.

Kuna aliyetumia tanuri la umeme la wafinyanzi kwa nyuzi 540 hivi? Unauacha humo muda gani? Na lile tumbo la katikati ya kibomba nalipulizaje lisivimbe upande mmoja?